Macho makavu: mwongozo kamili wa kutumia tiba za Ayurveda bila kuliumiza jicho

Mchana mmoja nilikuwa nahariri mkataba wa kurasa 40 kwenye kompyuta, kiyoyozi kinanipuliza usoni, machozi yananitiririka kama mtu anayekatakata vitunguu. Mwenzangu wa meza ya pili akanisogelea na kuninong'oneza, "Dada, kuna msiba nyumbani?" Msiba haukuwepo. Nilikuwa na macho makavu, na mwenyewe sikujua.

Ugonjwa huu una vituko vyake, na hiki ndicho cha kwanza: jicho kavu hulia. Uso wa jicho ukikauka, neva hupeleka taarifa kwenye ubongo, na ubongo hufungulia machozi ya dharura. Lakini machozi hayo ni maji matupu yasiyoshika. Yanamwagikia shavuni, jicho linabaki na ukame wake. Ongeza hapo hisia ya mchanga chini ya kope, kuwashwa, ukungu unaoondoka ukipepesa na kurudi baada ya muda mfupi, na tongotongo la asubuhi linalogandisha kope.

Kwenye Ayurveda, tiba ya jadi ya India, nilifika kwa njia ya pembeni. Mama alikuwa anasumbuliwa na goti, nikamsindikiza Kerala, kusini mwa India, na siku za kumsubiri zilipokuwa nyingi nikajiandikisha nami upande wa macho. Wengi wetu Afrika Mashariki tulizisikia tiba hizo kupitia familia ya Odinga. Rosemary Odinga, binti wa Raila Odinga aliyekuwa waziri mkuu wa Kenya, aliyepoteza uwezo wa kuona baada ya kuugua uvimbe kwenye ubongo, alipelekwa kutibiwa Koothattukulam, mji mdogo wa Kerala, na Februari 2022 Narendra Modi, waziri mkuu wa India, alikitaja kisa hicho kwenye hotuba yake ya redio. Jina la mji huo lilirudi tena masikioni mwetu Oktoba 2025, Raila alipofariki akiwa huko. Nakitaja kisa hiki kwa sababu kila nikizungumzia mambo haya kuna mtu hukileta. Ila ugonjwa wa Rosemary haukuwa ukavu wa macho, kwa hiyo hauwezi kuwa kipimo cha macho ya mtu anayeshinda kwenye simu.

Mengi ya yaliyomo humu nimeyajaribu, mengine kwa hasara yangu. Kilichobaki ni kanuni moja, nayo ndiyo itakayotuongoza hadi mwisho: mpaka ni ukingo wa kope. Joto, mafuta, mikono, chakula, usingizi, vyote hivyo vinafanya kazi nje ya mpaka huo, na unaweza kuvifanya nyumbani. Kitu kinachovuka mpaka na kugusa jicho lenyewe lazima kiwe kimetengenezwa mahali pasipo vijidudu, kimefungwa, na kimetoka mikononi mwa mtu aliyesomea.

Hatua ya kwanza: jua jicho lako limekauka kwa nini

Chozi si maji tu. Karibu na jicho kuna ute unaoyafanya maji yashike, katikati kuna maji yenyewe, na juu kabisa kuna utando mwembamba wa mafuta unaozuia maji yasipae hewani. Mafuta hayo hutoka kwenye tezi zilizojipanga ndani ya kope. Kope ya juu ina kama 25 hadi 40, ya chini 20 hadi 30. Tezi zikiziba, mafuta yanakuwa mazito kama dawa ya meno, na machozi hata yakiwa mengi yanakauka haraka. Hii ndiyo aina ya ukavu iliyo ya kawaida zaidi. Aina nyingine ni ya jicho lisilotengeneza maji ya kutosha, na wapo wenye zote mbili.

Sababu ni nyingi. Kuna umri, na kwa wanawake kukoma hedhi. Kuna lenzi za kuvaa ndani ya jicho. Kuna dawa: za mzio na mafua, baadhi ya dawa za sonona, baadhi za presha, na vidonge vikali vya chunusi. Baridi yabisi na ugonjwa wa Sjögren, ambao kinga ya mwili hushambulia tezi za machozi na za mate, hukausha macho pamoja na kinywa. Vikope, yaani trakoma, huacha makovu yanayoharibu uso wa jicho. Na mtoto mwenye macho makavu asiyeona vizuri giza likiingia ni dharura ya upungufu wa vitamini A. Huyo apelekwe hospitali leo, asipakwe chochote.

Kwa hiyo anza kwa daktari wa macho. CCBRT Dar es Salaam, KCMC Moshi, Kikuyu kule Kenya, au kliniki ya macho ya hospitali ya mkoa wako, kokote kulipo karibu. Vipimo havitishi. Kimoja ni kipande cha karatasi kinachotundikwa kwenye kope ya chini kwa dakika 5. Kikilowa chini ya milimita 5, maji ni haba. Kingine ni tone la rangi: daktari anakuambia usipepese, halafu anahesabu sekunde hadi utando wa machozi upasuke. Chini ya 10 si nzuri. Mimi zilikuwa 4.

Kuna hali ambazo hazingoji mwongozo wa mtu yeyote: maumivu makali, jicho moja kuwa jekundu ghafla, kushindwa kuvumilia mwanga, doa jeupe juu ya jicho, usaha, kuona kupungua ghafla, au kitu kilichoingia jichoni. Ukiwa na mojawapo, funga ukurasa huu uende hospitali.

Ayurveda inalionaje jicho kavu

Sitakaa sana hapa, maana nadharia yake ni bahari. Kitabu cha Sushruta, tabibu wa kale wa India, kwenye sehemu yake ya mwisho, kinaorodhesha magonjwa 76 ya macho. Mojawapo linaitwa shushkakshipaka, na ukisoma dalili zake unajiona kwenye kioo: kope ngumu na kavu, jicho zito kufunguka, kuona kusikokuwa safi. Wanaliweka chini ya vata, nguvu ya ukavu, upepo na mwendo, ikishirikiana na pitta, nguvu ya moto. Dawa ya vata ni kinyume chake: mafuta, joto la upole, utulivu. Huhitaji kuamini habari za vata ili kuona kuwa mantiki hiyo na ile ya tezi za mafuta zilizoziba zinakutana njiani.

Jambo lingine lililonivutia: vitabu hivyo vinaagiza tiba ya macho ifanyike mahali pasipo upepo, jua wala vumbi. Kabla ya dawa yoyote, mgonjwa anaondolewa kwenye kinachomkausha. Sisi tunafanya kinyume, tunanunua matone huku pangaboi likituvumia usoni usiku kucha.

Hatua ya pili: joto na mkono

Kama utafanya jambo moja tu katika haya yote, fanya hili. Joto huyalainisha mafuta yaliyoganda kwenye tezi, na mkono huyatoa. Ayurveda ina tiba nyingi za joto, lakini kuhusu macho inaonya: kitabu cha Charaka, tabibu mwingine wa kale, kinasema macho, moyo na korodani visipewe joto kali, ama la upole, ama visipewe kabisa. Onyo hilo lizingatie.

Utahitaji vitambaa viwili safi vya pamba na chupa ya chai iliyojaa maji ya moto. Chupa ya chai ndiyo siri yenyewe, kwa sababu kosa la watu wengi ni kulowesha kitambaa mara moja na kukiacha usoni. Baada ya dakika mbili kitambaa hicho kimepoa na hakifanyi kazi yoyote. Mimina maji kwenye bakuli, changanya na ya baridi hadi mkono uweze kukaa ndani bila kuruka, kitu cha nyuzi joto 40 na kidogo. Chovya kitambaa, kamua, kijaribu upande wa ndani wa kifundo cha mkono kama unavyopima maji ya kumwogesha mtoto mchanga. Lala chali, funga macho, weka. Kikianza kupoa, badilisha na cha pili. Endelea hivyo kwa dakika 8 hadi 10, ukiongeza maji kutoka kwenye chupa.

Ukimaliza, kope zikiwa bado na joto, nawa mikono na uzichue kwa ncha ya kidole. Kope ya juu unasukuma kuelekea chini, ya chini unasukuma kuelekea juu, daima kuelekea kwenye nywele za kope. Nguvu ni ile ya kupapasa nyanya iliyoiva uone kama imelainika. Usilikandamize jicho lenyewe, na kama una presha ya macho au umefanyiwa upasuaji wa jicho karibuni, usichue kabla daktari hajakuruhusu. Mwisho, chukua pamba iliyoloweshwa maji yaliyochemshwa yakapoa, futa ukingo wa kope kwa mlalo. Pamba moja kwa jicho moja.

Mara mbili kwa siku kwa wiki mbili za kwanza, kisha mara moja. Siku tatu za mwanzo utaona hakuna kilichobadilika. Mimi nilianza kuhisi tofauti wiki ya pili, asubuhi moja nilipofumbua macho bila kutumia vidole.

Swali linalokuja hapa kila mara ni la mafuta ya nyonyo. Ayurveda inayatumia tangu zamani kwa magonjwa ya vata, na si maneno ya vijiweni tu: dawa ya matone ya saiklosporini iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2002 kwa ajili ya macho makavu imetengenezwa ndani ya mafuta ya nyonyo. Lakini hayo yamesafishwa kiwandani kwa kiwango cha dawa ya jicho. Chupa ya mafuta ya nyonyo unayonunua kwa ajili ya nywele ni kitu kingine kabisa. Yapake kichwani, kwenye nyusi, miguuni. Jichoni hapana, na hata kwenye nywele za kope mimi sipaki, kwa sababu usiku hutambaa yakaingia ndani.

Hatua ya tatu: miguu, kichwa na usingizi

Hapa ndipo ndugu zangu hucheka. Jicho linauma, unaambiwa upake mafuta nyayo! Vitabu vya Ayurveda vinasisitiza kwamba kuchua nyayo kwa mafuta kunasaidia macho, na kule Kerala ilikuwa sehemu ya ratiba kila jioni. Siwezi kukuapia kuwa kuna mshipa unaotoka unyayoni hadi kwenye jicho. Ninachoweza kusema ni kwamba dakika 15 za kuchua miguu ni dakika 15 bila simu, na mtu anayelala vizuri huamka na macho tofauti na yule aliyekesha.

Pasha moto kidogo mafuta ya ufuta, vijiko viwili vinatosha. Chua nyayo kwa kidole gumba, kati ya vidole, kuzunguka kifundo. Vaa soksi kuukuu usiteleze bafuni wala kuchafua shuka. Kichwani paka mafuta ya nazi au ufuta utosini na kwenye panja, mara mbili kwa wiki. Zima pangaboi au ligeuzie upande mwingine. Kama joto la mji wako haliruhusu, na najua Dar ya Februari hairuhusu, lala upande ambao upepo haukupigi usoni.

Kuna tiba nyingine ya kutia mafuta puani, inaitwa nasya. Wataalamu wake huitumia sana kwa magonjwa ya kichwa na macho. Nyumbani iache. Mafuta yakishuka kwenye mapafu badala ya koo yanaweza kuleta homa ya mapafu ambayo kutibika kwake ni shughuli pevu, na kwa mtoto au mzee hatari ni kubwa zaidi.

Hatua ya nne: kinachopita mdomoni

Samli ina cheo kikubwa katika Ayurveda ya macho, nasi samli tunayo tangu enzi. Kijiko kimoja cha chai kwenye wali au uji wa asubuhi kinatosha, na kama una lehemu ya juu au matatizo ya moyo, muulize daktari kwanza. Faida ambayo sayansi inaielewa vizuri ni hii: karotini iliyomo kwenye mchicha, karoti, embe na viazi lishe, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A, inahitaji mafuta ili ifyonzwe. Mchicha wa kuchemsha mtupu unapoteza sehemu ya kazi yake. Utie samli, nazi au mawese. Dagaa na mayai viwepo kila ukiweza.

Kisha kuna triphala, unga wa matunda matatu: amla, haritaki na bibhitaki. Ndiyo dawa utakayoandikiwa kwanza na kila mtaalamu wa Ayurveda utakayemwona. Dar utaipata kwenye maduka ya Kihindi ya Kisutu. Kipimo cha kawaida ni nusu kijiko cha chai kwenye maji ya uvuguvugu kabla ya kulala. Ladha yake ni uchungu, uchachu na ukakasi kwa mpigo mmoja, na asubuhi choo kitakuwa chepesi. Ukiharisha, punguza au acha. Mjamzito, anayenyonyesha, anayetumia warfarini (dawa ya kuzuia damu kuganda) au dawa za kisukari asianze bila kumwambia daktari wake. Kuhusu macho makavu, ushahidi uliopo ni wa tafiti ndogo, nyingi zikiwa za kutoka vyuo vya Ayurveda vyenyewe. Mimi niliitumia miezi miwili. Tumbo lilifurahi. Kwa macho sina cha kuapia.

Jambo la kuwa macho nalo ni usafi wa dawa. Mwaka 2004 jarida la kitabibu la Marekani, JAMA, lilichapisha uchunguzi wa bidhaa 70 za Ayurveda zilizokuwa zikiuzwa madukani eneo la Boston: 14 zilikutwa na risasi, zebaki au aseniki. Baadhi ya dawa hizo hutiwa madini kwa makusudi. Ukiona neno bhasma, yaani majivu ya madini, kwenye lebo, rudisha rafuni. Chagua pakiti yenye jina la kiwanda, namba ya toleo, tarehe ya mwisho na orodha ya viungo. Unga wa kupimiwa kwenye kikaratasi hauna mwenyewe wa kumuuliza.

Na wale wa vidonge vya mafuta ya samaki: mwaka 2018 yalitoka majibu ya utafiti mkubwa wa Marekani uliowafuatilia watu 535 kwa mwaka mzima, na miligramu 3000 za omega-3 kwa siku hazikushinda mafuta ya zeituni yaliyotumika kama dawa bandia. Kula samaki, ila hela ya vidonge itumie kwingine.

Hatua ya tano: netra tarpana, jicho ndani ya samli

Hii ndiyo tiba iliyoifanya Ayurveda ya macho ijulikane, na picha zake ndizo zinazosambaa mitandaoni: mtu amelala, macho yamezungushiwa ukuta wa unga, bwawa la rangi ya dhahabu limejaa juu yake.

Nilivyofanyiwa mimi ilikuwa hivi. Chumba kidogo, madirisha yamefungwa, pazia zito, feni limezimwa. Muuguzi alikanda unga wa choroko nyeusi hadi ukawa kinyunya kizito kuliko cha chapati, akaufinyanga kuwa pete yenye kimo cha vidole viwili, akaibandika kuzunguka tundu la jicho langu na kuziba nyufa kwa kidole kilicholowa. Samli yenye dawa ilikuwa inayeyuka kwenye kibakuli kilichowekwa juu ya maji ya moto. Aliijaribu kwanza kwenye mkono wake, kisha kwenye wangu. Nikafunga jicho, akaimimina polepole kwenye pembe ya karibu na pua hadi ikafunika nywele za kope.

"Sasa fumbua," akasema. Nikakaza. "Chechi, usikaze. Taratibu." Chechi ni dada mkubwa kwa Kimalayalam, na kule kila mwanamke ni chechi. Nikafumbua. Dunia ikawa ya manjano, laini, haina kona. Hakukuwa na maumivu. Palikuwa na uzito wa uvuguvugu ambao jicho langu halikuwahi kuuhisi. Nikaambiwa nifumbe na kufumbua pole pole huku akihesabu. Vitabu vinapima muda kwa matra, kipande cha muda kama wa kualisha vidole, na kwa ugonjwa wa vata hesabu inafika 1000. Mwisho akatoboa ukuta upande wa sikioni, samli ikachuruzika kwenye kikombe, akanifuta kwa pamba na unga mkavu. Nilitoka nikiona ukungu kwa saa kadhaa, nimevaa miwani ya jua, nimekatazwa simu, televisheni na mwanga mkali. Siku 5 mfululizo.

Ilinisaidia? Macho yalitulia wakati ule na kwa wiki chache baadaye. Lakini mtu aliyekaa siku 5 gizani bila simu wala kompyuta angetulia hata bila samli, na hilo ndilo tatizo la tafiti nyingi za tarpana: ni ndogo, na nyingi hazina kundi la kulinganisha.

Ukiamua kuifuata, fuata hivi. Mtaalamu awe na BAMS, shahada ya kwanza ya tiba ya Ayurveda, na zaidi ya hapo awe amebobea kwenye Shalakya Tantra, tawi la macho, masikio, pua na koo. Muulize samli imetoka wapi, imefunguliwa lini, na kama iliyotumika kwa mtu mwingine inamwagwa. Muulize kama atakupima jicho kwa darubini ya macho kabla ya kuanza. Akisema haina haja, shukuru uondoke. Usiifanye ukiwa na jicho jekundu lenye maambukizi, kidonda, au ndani ya miezi michache baada ya upasuaji wa mtoto wa jicho. Vua lenzi. Njoo na mtu wa kukurudisha nyumbani, maana hutaweza kuendesha gari.

Na usiifanye jikoni kwako. Samli ya nyumbani ni chakula kizuri, lakini haikutengenezwa kwa ajili ya jicho, na samli iliyozidi joto kidogo tu inaunguza.

Vitu visivyovuka mpaka

Niliporudi Dar na kiburi cha Kerala, nilichemsha triphala, nikaichuja kwa kitambaa cha kanga kilichofuliwa vizuri, nikaosha macho nayo kwa kikombe kidogo. Vitabu vinaruhusu, nikajiambia. Siku ya tatu jicho la kushoto lilivimba kama limeumwa na nyuki. Chembe za unga zilipita kwenye kitambaa, zikakwaruza, na vijidudu vikapata mlango. Wiki mbili za dawa ya antibayotiki. Daktari hakunigombeza, aliniuliza tu kama maji yale ningekubali kudungwa mshipani. Sikuwa na jibu.

Kwenye orodha ya vitu visivyovuka mpaka weka pia asali, maji ya waridi, maziwa ya mama, maji ya kitunguu, maji ya majani ya aina yoyote na mkojo, maana wapo wanaoutumia. Weka na wanja. Ayurveda ina tiba ya kupaka ndani ya kope iitwayo anjana, na pwani yetu wanja wa manga ni urembo wa tangu mabibi. Lakini wanja wa unga mara nyingi ni madini ya risasi, na risasi huingia mwilini, hasa mtoto akijigusa macho kisha akalamba vidole. Mtoto mchanga asipakwe kabisa, hata kama bibi amekasirika.

Anayedhani chupa iliyofungwa inatosha akumbuke mwaka 2023. Marekani ilikumbwa na mlipuko wa bakteria sugu uliohusishwa na machozi bandia yaliyotengenezwa India. Waliougua walikuwa 81 katika majimbo 18. 14 walipoteza uwezo wa kuona, 4 waliondolewa jicho, 4 walifariki. Hayo yalikuwa machozi bandia ya kawaida ya dukani, wala hayakuwa ya Ayurveda. Kama kiwanda kinaweza kukosea kiasi hicho, sufuria yangu ya jikoni ilikuwa na nafasi gani?

Kwa hiyo matone yoyote, ya Ayurveda au la, yawe yamesajiliwa na mamlaka ya dawa ya nchi yako, na ukifungua chupa ifuate siku zilizoandikwa. Kama unatumia machozi bandia zaidi ya mara 4 kwa siku, omba yasiyo na vihifadhi.

Hatua ya sita: saa zinazobaki

Mtu anayeangalia skrini hupepesa macho mara chache mno, mara 5 hadi 7 kwa dakika badala ya 15 hivi, na mara nyingi kope hazikutani. Nilibandika karatasi ndogo kwenye ukingo wa kompyuta yenye neno moja: FUMBA. Kila nikiliona, nafumba taratibu, nahesabu mbili, nafumbua, mara kumi. Kila dakika 20 naangalia mbali, mti ulio nje ya dirisha, kwa sekunde 20. Nimeishusha kompyuta chini ya usawa wa macho ili kope zisifunguke sana. Kiyoyozi nimekigeuzia ukutani, na mwenzangu wa meza ya pili alilalamika siku mbili kisha akazoea. Anayepikia kuni au mkaa atoe jiko nje au afungue tundu la moshi. Hakuna samli inayoshindana na moshi.

Zoezi moja la yoga liache: trataka, la kukodolea mshumaa bila kupepesa hadi machozi yatoke. Kwa mwenye macho mazima sina neno. Kwa jicho kavu ni kulikausha kwa makusudi.

Wiki sita za daftari

Usianze yote siku moja, hutajua kilichokusaidia. Wiki mbili za kwanza fanya joto na kufumba macho peke yake. Wiki ya tatu ongeza miguu na chakula. Triphala, ukiitaka, iingie wiki ya nne. Kila jioni andika namba moja, kutoka 0 hadi 10, macho yamekusumbua kiasi gani, na neno moja kuhusu siku yenyewe: upepo, safari, kulia, kukesha. Dawa ulizoandikiwa na daktari usiache ili kupisha hizi. Wiki sita zikiisha namba haijashuka, au imepanda, rudi hospitali na daftari lako mkononi. Daktari atafurahi kuliona kuliko unavyodhani.

Yangu ilianza 8 ikaishia 3, na kwenye tone la rangi sekunde zilitoka 4 zikafika 9. Chupa ya chai ya bluu bado iko kando ya kitanda. Mama akija kunitembelea huinyanyua, huitikisa, na kuniuliza kama chai hiyo ina tangawizi.